Nywila ya Baba

Franklin, Bonde la Huon, Tasmania
14 Agosti 2022

Mwanangu Merrin,

Salamu nyingi. Natumai hujambo huko Melbourne na kifua kile kimekuachia. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kabla ya redio. Mbwa mzima, anakula kunishinda.

Nakuandikia kwa sababu ya kompyuta. Nimeipeleka dukani Huonville. Fundi akaiangalia dakika mbili akasema haiwezi kupokea mfumo mpya, ninunue nyingine. Nikamwambia mimi nina trekta la mwaka 1961 na bado linalima. Akacheka. Mimi sikucheka.

Wazee wenzangu kwenye banda la useremala wanasema ipo mifumo huria, ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kufungua akaona kilichomo ndani. Nikawaambia mnanieleza mimi? Hiyo ndiyo dini ya binti yangu. Desmond ameweka unaoitwa Mint kwenye laptop yake na anausifu, na unamjua Desmond, hata harusini kwake alilalamika. Lakini mjuzi ni wewe. Nichague upi?

Ninachohitaji ni kidogo. Nina miti mia moja na sitini na mitatu ya matufaha, kila mmoja aina yake, na habari zake zote ziko kwenye madaftari tisa kwa mwandiko ambao hata mimi siku nyingine unanishinda. Nataka kuingiza yote: safu, namba, jina, nilitoa wapi kikonyo cha kubebeshea, tufaha lake linaiva wiki gani. Aina nyingine sijui kama bado ziko kwa mtu mwingine yeyote. Mti usio na jina ni kuni tu, na Bwana Pybus wa ng'ambo ya barabara ameshaniuliza mara mbili kama nitauza shamba apande cheri.

Ingependeza uje uiweke mwenyewe. Maua yatachanua mwanzoni mwa Oktoba. Nimeshatoa masanduku kitandani kwako.

Baba yako,
Athol


Coburg, Melbourne
29 Agosti 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye tramu, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahama kiti. Mimi mzima. Kifua kimepona, kazi ndiyo haiponi. Goti lipake ile dawa, usiishie kuitazama chupa.

Sasa, ungejua umeniuliza nini! Swali hili nalisubiri tangu nina miaka kumi na tisa. Mint ya Desmond ni nzuri, siisemi vibaya, ni mfumo wa kumpa mtu ukalala usingizi. Debian ni imara sana, lakini programu zake huja zimechelewa. Mimi nakuwekea Arch. Huu unajengwa kipande kwa kipande, hakuna kilichomo ambacho hukukiweka kwa hiari yako, na unasasishwa wakati wote bila kungoja toleo jipya. Watu wanasema mgumu. Wewe umejifunza kubebesha miti, kikonyo cha huu kwenye shina la ule, kwa kusoma kitabu, utashindwa na hili? Nimewaambia wenzangu wa kikundi cha Linux, hiyo familia ya mifumo huria, kwamba baba yangu wa miaka sabini na mmoja anahamia Arch, wakanipigia makofi.

Pia nitaifunga diski nzima kwa nywila. Ukiwasha, kabla ya kitu chochote itakuuliza hiyo nywila, na bila hiyo kilichomo hakisomeki na mtu yeyote duniani. Na nakala ya akiba kwenye diski ya nje nitaifunga hivyo hivyo. Laptop isiyofungwa ni nyumba isiyo na mlango, Baba.

Kuja siwezi. Oktoba tunatoa toleo jipya kazini, hata kupumua napumua kwa zamu. Ifunge vizuri kwenye boksi uitume kwa posta, nitaishughulikia jioni mbili tatu na kukurudishia.

Binti yako,
Merrin


Franklin
9 Oktoba 2022

Mwanangu Merrin,

Marahaba. Natumai u mzima na kazi imekuachia hata robo ya pafu. Huku tuko salama. Kulikuwa na jalidi asubuhi tatu mfululizo, nikawasha mioto kati ya safu, na nadhani maua yamepona. Yamechanua yote kwa pamoja mwaka huu, ungeyaona.

Boksi limefika. Mwanzoni tuligombana, mimi na mashine, lakini sasa tunaelewana. Desmond alikuja kuangalia. Alivyoona skrini nyeusi yenye maandishi meupe akauliza, "Athol, imeharibika?" Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyokaa sisi wenyewe. Nilijisikia mtu.

Nywila nimeongeza yangu kama ulivyoelekeza. Ulisema niweke sentensi ya maneno manne au matano, kitu ambacho siwezi kukisahau, nami nimeweka, kwenye mashine na kwenye diski ya nje. Lakini ile nywila yako ya kuanzia bado ipo, na maelezo yako yanasema niifute. Nilikuwa nauliza, siwezi kuiacha? Yaani mimi niwe na yangu na wewe uwe na yako. Mimi ni mtu mmoja mwenye goti bovu na shamba lenye ngazi. Nikianguka, nani atafungua?

Baba yako,
Athol


Coburg
20 Oktoba 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na jalidi imekwisha. Mimi mzima, naandika mbio mbio.

Futa ya kwangu. Mashine ni yako, ufunguo uwe wako peke yako, ndiyo maana ya kufunga. Mtu wa pili akiwa na ufunguo hiyo si siri tena. Na tafadhali usiiandike popote, si kwenye karatasi, si nyuma ya kalenda ya jikoni (nakujua). Iweke kichwani. Ukishaingiza orodha yote hutahitaji makaratasi tena.

Krismasi nitajitahidi.

Binti yako,
Merrin


Franklin
18 Juni 2023

Mwanangu Merrin,

Marahaba, na pole kwa Krismasi na Pasaka, naelewa kazi ni kazi. Natumai hujambo. Mimi mzima, goti ni lile lile, mbwa amenenepa.

Nimemaliza! Miti yote mia moja na sitini na mitatu imeingia, na mingine nimeiandikia habari ndefu kuliko nilivyokusudia, maana ukianza kueleza tufaha limetoka kwa nani unajikuta unaeleza na mazishi yake. Asubuhi naamka, nawasha mashine, naandika sentensi yangu kabla hata ya chai, kisha nasahihisha mti mmoja au miwili. Nimezoea hivyo, siku isiyo hivyo naona haijaanza.

Madaftari nimeyawashia jiko. Nilikuwa nachana kurasa mbili kila asubuhi ya baridi, mpaka yakaisha. Ulisema kweli, nafasi imebaki kubwa kabatini.

Maua yatarudi Oktoba. Nakukumbusha tu.

Baba yako,
Athol


Coburg
2 Novemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Siwezi kuandika kwamba natumai hujambo, kwa sababu nilikuwa kando ya kitanda chako siku nane na najua hujambo kwa kiasi gani. Nimemwomba Glenys, jirani yako, akusomee barua hii akija kukuangalia. Glenys, nisamehe, msomee yote, hata pale utakapotamani kuruka.

Daktari alisema kiharusi kimegusa mkono wa kulia na upande ule wa majina. Kila kitu unakijua ila jina lake limekukimbia. Kijiko unakiita kile cha supu. Mbwa unamwita huyu wangu. Siku ya tatu nilikutembeza dirishani ukaonyesha bustani kwa kidole, ukafungua mdomo, na mti hata mmoja hukuutaja. Ukalia. Sijawahi kukuona ukilia, hata siku tuliyomzika Mama.

Kisha nikafanya lile ambalo limeninyima usingizi tangu nirudi. Nilikuletea laptop kitandani nikakuuliza nywila. Ukatikisa kichwa. Nikauliza tena. Mara ya tano nilikupigia kelele, Baba. Mgonjwa wa siku tatu, nikakupigia kelele "Kumbuka basi!" mpaka nesi akanitoa nje. Nilirudi nyumbani kwako nikakaa na mashine. Nilijaribu jina la Mama, tarehe ya harusi yenu, majina ya mbwa wote tangu nizaliwe, majina ya matufaha, mto, mlima, trekta. Niliandika hesabu ya majaribio kwa vijiti, vilipofika mia mbili na kumi na moja nikaacha. Ya kwangu uliifuta kama nilivyokuamuru, kwa hiyo haifunguki, na haitafunguka. Nakala ya akiba nayo ni hivyo hivyo, nilikuelekeza mimi mwenyewe uifunge kwa nywila yako ile ile. Madaftari umeyachoma kwa sababu nilikuambia hutayahitaji.

Sasa nikuambie ambalo hulijui. Diski ile ina nafasi ya funguo nane. Nane, Baba. Kuacha wa kwangu kusingepunguza usalama wa kukutosha wewe na matufaha yako. Uliniomba kwa maandishi, barua ninayo hapa, nami nikakujibu kwa mistari michache kama mtu anayefukuza nzi. Nilisema ni kwa ajili ya siri. Uongo. Nilijua nikiwa na ufunguo utaniita. Kila ukikwama utaniita, na siku moja nitatakiwa kuja. Nilitaka nikusaidie mara moja, nikupe kitu kilichokamilika, kisha niwe nimemaliza deni la kuwa binti.

Na Arch pia. Mtu yeyote mwenye akili angekuwekea Mint. Mfumo wenyewe hauna kosa, ila mimi sikuuchagua kwa ajili yako. Nilitaka kuwaambia wale wenzangu. Nilikuwa na picha uliyonitumia ukiwa mbele ya skrini nyeusi, niliwaonyesha watu arobaini. Siku ulipoanguka nilikuwa sijakanyaga nyumbani miaka mitatu na nusu.

Glenys ameniambia Bwana Pybus amekuja kupima uzio "kwa kuangalia tu". Sijui nifanye nini. Nimefuta tumaini la watu wengi nisiowajua, waliokuachia matufaha hayo, na moja la mtu ninayemjua. Naona aibu kuweka jina langu hapa chini.

Binti yako,
Merrin


Franklin
10 Desemba 2023

Merrin mwanangu,

Marahaba. Mkono wa kushoto huu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Sijambo kiasi. Barua hii nimeiandika siku nne.

Glenys alinisomea yako. Nikamwambia arudie. Nilikasirika siku mbili, nikakataa chakula, Glenys akaniambia njaa haimuumizi Merrin inaniumiza mimi. Nikala.

Sikiliza. Jana aliniletea tufaha la dukani. Nikauma. Natafuna, na jina likatoka lenyewe mdomoni, "Sturmer, limekaa baridini tangu Mei." Glenys akaangalia kikaratasi kilichobandikwa juu yake. Sturmer! Kichwani halimo, ulimini limo.

La kwanza bustanini linaiva mwisho wa Januari. La mwisho Mei. Kila wiki manane mpaka kumi. Mtu akae nami, achume, anipe, aandike. Glenys ana kazi zake. Mimi siwezi kutafuna na kuandika.

Sikulazimishi.

Baba


Coburg
27 Desemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba, funguo bado mlangoni. Nafurahi umekula.

Nakuja. Kazini nimeomba miezi mitano bila mshahara, bosi akauliza kama nina mtoto mchanga, nikasema nina baba. Nitafika tarehe 20 Januari.

Nakuja na diski mpya ya laptop. Ile ya zamani siifuti, nitaichomoa tuiweke droo ya chini, pengine ipo siku. Kwenye hii mpya utachagua wewe mfumo unaoutaka, mimi nitakaa kimya, na kama unataka ifunguke bila kuuliza chochote, itafunguka bila kuuliza chochote. Orodha tutaichapisha kwenye karatasi kila Ijumaa, nakala tatu, moja kwa Glenys, moja kwa Desmond.

Usitoe masanduku kitandani, nitayatoa mwenyewe.

Binti yako,
Merrin


Franklin
16 Juni 2024

Mwanangu Merrin,

Salamu nyingi. Natumai ulifika salama na chumba chako hakikuota ukungu miezi yote hiyo. Mimi sijambo. Mkono wa kulia sasa unashika kikombe, kuandika bado. Mbwa anakaa mlangoni kwako tangu uondoke, nimempigia kelele amekataa kutoka. Bwana Pybus alipita, nikampa nakala ya orodha aisome. Akasoma ukurasa mmoja amesimama, akasema, "Sikujua, Athol." Atapanda cheri zake kwenye lile shamba lake la mtoni.

Tulipata mia moja na hamsini na mbili. Sikudhani tungepata hata nusu. Kumi na mmoja haikuzaa, ile inayozaa mwaka na kupumzika mwaka, na bila tufaha mdomoni sina la kusema. Wewe uliifungia kitambaa cheupe mmoja mmoja, na kwa kila kitambaa ulisema samahani. Uwanja wa ndege ulisema tena. Nilihesabu, si kwa kukusudia, na tangu Januari ulikuwa umeniomba radhi zaidi ya mara hamsini. Mezani, kwenye ngazi, tukila pai ya kome siku yako ya kuzaliwa.

Nakuomba ukae kitako, kwa sababu sasa ni zamu yangu.

Nywila niliikumbuka. Tarehe 20 Februari, saa nne asubuhi hivi. Ulikuwa safu ya nne unachuma matufaha ya Gravenstein, nakusikia unaimba vibaya. Mimi nimekaa na mashine, hiyo Mint niliyoichagua, isiyouliza kitu, nimefungua ukurasa mtupu nijizoeze vidole. Vidole vikaandika vyenyewe. Vya kushoto na kile kimoja cha kulia. Nilipotazama skrini sentensi yote ilikuwa pale, ile ile niliyokuwa naiandika kila asubuhi.

Ningekuita. Mita thelathini tu. Badala yake nilifuta herufi moja moja mpaka ukurasa ukawa mweupe, kisha ndiyo nikakuita, nikakuambia chai tayari.

Niliogopa. Nilijua ukifungua ile diski utanakili orodha dakika kumi, na Jumapili uko kwenye ndege, na hakuna ambaye angekulaumu, wala mimi. Ulikuwa umefika mwezi mmoja tu. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa Machi, na matufaha ya Cox yakaiva, nikasema mwisho wa Machi. Kila jioni ulikuwa unaniomba radhi kwa kufunga kitu ambacho mimi nimeshaketi na ufunguo wake, nami nikipokea. Nilisema "usijali, mwanangu" kwa sauti ya mtu mwema. Hilo ndilo linalonikaba zaidi, zaidi hata ya kunyamaza. Nilikuacha ubebe mzigo mpaka uwanja wa ndege, na ile miti kumi na mmoja ukaibeba pia, wakati majina yake yalikuwa kwenye droo hatua sita kutoka kitini kwangu.

Lipo na la pili. Niliona haya uisome. Najua ulivyojaribu nyumbani, uliniandikia, na Glenys alinionyesha karatasi ya vijiti vyako. Ulijaribu jina la mama yako, la mbwa, la trekta. La kwako hukulijaribu.

Diski nimeiweka kwenye boksi hili, chini ya soksi ulizosahau. Nimekutumia ili usilazimike kuja kuifuata. Fungua, toa hiyo miti kumi na mmoja, umpelekee Glenys kwa baruapepe, inatosha. Usirudi kwa ajili ya orodha. Imekwisha, na tulivyoifanya pamoja imekuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Sentensi ni hii, herufi ndogo zote, na nafasi kati ya maneno:

merrin atakuja maua yakichanua

Nisamehe.

Baba yako,
Athol